Huyo Si Nyigu: Kuwatafuta na Kuwatambua Nondo wa Mabawa Angavu

SWALI: Asubuhi moja nilimkuta mdudu mkubwa mwenye mistari ya njano na nyeusi ametulia chini kabisa ya shina la mpopla. Nilidhani ni mavu, lakini hakuwa na kiuno chembamba na wala hakushtuka nilipomkaribia. Nilipata picha moja tu, ya kutoka juu. Rafiki yangu anasema ni nondo anayeiga nyigu, na kwamba nondo hawa ni adimu kiasi kwamba sitamwona mwingine. Je, ni kweli? Na nikitaka kuwaona wengine na kuwajua kwa majina, nifanyeje?

JIBU: Rafiki yako amepatia la kwanza, la pili amekosea. Picha yako, ingawa ni ya juu tu, inatosha kumtoa mdudu huyo katika kundi la nyigu. Tumbo limeungana na kifua kwa upana wake wote, vipapasio vinanenepa kuelekea ncha, na kichwa kimefunikwa na vigamba vilivyolala kama manyoya. Huyo ni nondo wa familia ya Sesiidae, nondo wa mabawa angavu.

Kuhusu uadimu, tuelewane. Familia hii ina spishi zaidi ya 1,400 duniani, na nyingi kati yake hazina uadimu wowote isipokuwa machoni petu. Watu wanaopenda nondo huwasha taa usiku na kusubiri. Hawa huruka mchana, juani, kwa kasi, na mara nyingi juu kwenye matawi ambako jicho halifiki. Mdudu kamili huishi siku chache tu. Maisha yake mengine yote, mwaka mmoja kwa baadhi ya spishi na miwili au mitatu kwa nyingine, ameyapitisha akiwa kiwavi ndani ya shina, mzizi au tawi. Kwa hiyo mtu anaweza kupita kando ya mti uleule kila siku kwa miaka, mti umejaa viwavi, na asimwone nondo hata mmoja.

Mfano mzuri ni Sesia bembeciformis, anayeishi kwenye mierebi. Kwa muda mrefu huko Uingereza alijulikana zaidi kwa mashimo yake kwenye visiki vilivyokatwa kuliko kwa nondo mwenyewe, na kumwona akiwa hai kulihesabiwa kuwa bahati. Miaka ya karibuni kilipopatikana chambo cha feromoni, yaani harufu ya jike inayomvuta dume, kinachomfaa, watu wakaanza kumwona mahali pengi ambako hakuwa ameandikwa kabisa. Nondo hawakuongezeka. Njia ya kuwatafuta ndiyo iliyobadilika.

Wapo walio adimu kweli, na sitaki nikupe picha ya kwamba hawapo. Heterosphecia tawonoides, mwenye mng'ao wa buluu, alijulikana kwa kielelezo kimoja tu kilichokusanywa Sumatra mwaka 1887 na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Vienna. Hakuonekana tena mpaka 2013, alipokutwa Malaysia akinyonya unyevunyevu kwenye kingo za mto, katikati ya nyuki waliokuwa wakifanya hivyohivyo. Na kuna upande wa pili kabisa: Synanthedon dasysceles wa Afrika Mashariki, ambaye viwavi wake hutoboa mashina ya viazi vitamu, au Synanthedon tipuliformis, ambaye alisafirishwa na vipandikizi vya vichaka vya Ribes kutoka Ulaya hadi Australia na New Zealand. Hao ni wadudu waharibifu, na mkulima anayepambana nao atacheka akisikia neno "adimu".

Tuanze na kumtofautisha na nyigu, kwa kuwa hapo ndipo wengi huishia. Ndege aliyewahi kuchomwa na nyigu hukwepa chochote chenye sura hiyo, na mdudu asiye na mwiba akifanana naye anapona. Henry Walter Bates alieleza mwigo wa namna hii mwaka 1862, baada ya kuwachunguza vipepeo wa Amazon. Lakini mwigo unatakiwa kumdanganya ndege kwa sekunde moja tu, haukuundwa kumdanganya mtu mwenye lenzi na subira. Ukipata muda wa kutazama, kasoro zinajitokeza zenyewe.

Kwanza tazama kiuno. Nyigu wa kawaida amebanwa kati ya kifua na tumbo. Nondo hana mbano huo, hata kama rangi zimepangwa kwa ujanja ili ionekane upo. Baadhi wana mstari mweupe au wa njano mwanzoni mwa tumbo ambao kwa mbali "hukata" mwili na kumfanya aonekane mwembamba pale. Usiamini rangi, fuata ukingo wa mwili wenyewe.

Halafu vipapasio. Vya nyigu ni vya pingili zinazoonekana, vimepinda kama kiwiko karibu na kichwa. Vya nondo huyu vimenyooka zaidi, vinanenepa kabla ya ncha, na spishi nyingi zina kishungi kidogo mno cha vigamba mwishoni kabisa. Katika picha nzuri kishungi hicho huonekana, nami nikikiona sihitaji kuendelea kubishana na mtu.

Mabawa yanataka uangalifu zaidi. Sehemu angavu ya bawa la nondo haikosi fremu: mishipa imepakwa vigamba vya rangi, ukingo wa nje una utepe mweusi au wa kahawia, na karibu na katikati ya bawa la mbele pana mstari mnene unaolikata bawa. Weka hilo la mwisho kichwani, litakusaidia tena kwenye spishi. Nyigu wa familia ya Vespidae, na mavu wakiwemo, akitua hukunja mabawa ya mbele kwa urefu, hivyo yanaonekana membamba sana ubavuni. Nondo hawezi kufanya hivyo.

Mwisho wa tumbo nondo ana kishungi cha vigamba, mkia unaoweza kufunguka na kufumba. Nyigu hana kitu kama hicho. Mdomoni nyigu ana taya za kung'ata. Nondo, akiwa na chochote, ana mrija wa kunyonyea uliojiviringa.

Si nyigu peke yake wa kuondoa kwenye hesabu. Nimeletewa picha nyingi za "nondo adimu" ambazo zilikuwa za nzi wa maua. Nzi ana mabawa mawili tu, macho makubwa yanayochukua karibu kichwa chote, na vipapasio vifupi ambavyo katika spishi nyingi vinaonekana kwa shida. Hesabu mabawa kwanza kabla hujafurahi.

Pia kuna nondo wanaoiga nyigu ambao si wa familia hii. Jenasi Amata na Euchromia, za familia ya Erebidae, zina mabawa meusi yenye madirisha angavu au ya njano, na mwili wa mistari. Hawa hukaa peupe juu ya majani, huruka polepole, na ndugu zao wengi wana sumu mwilini, kwa hiyo onyo lao si la uongo kabisa. Nondo wa jenasi Hemaris nao wana mabawa angavu, lakini huiga nyuki bambi: wanene, wenye manyoya, na hula wakielea hewani mbele ya ua bila kutua. Ukimwona anaelea hivyo, ondoka kwenye kurasa za Sesiidae.

Sasa majina. Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: mmea una thamani kuliko picha. Nondo hawa wengi wamejifunga kwa mmea mmoja au jamii moja ya mimea, na ukijua mmea na eneo umeshafuta zaidi ya nusu ya majina. Kwa spishi za Ulaya, kwa mfano, Synanthedon myopaeformis ni wa mitufaha, hasa iliyozeeka. Synanthedon vespiformis hupenda visiki vya mialoni iliyokatwa si zamani. Synanthedon culiciformis ni wa miti ya Betula, na Synanthedon formicaeformis wa mierebi. Synanthedon andrenaeformis hukaa ndani ya matawi ya Viburnum na kuziba tundu la kutokea kwa kifuniko chembamba cha gome. Wapo wasiogusa mti hata kidogo: Bembecia ichneumoniformis yumo kwenye mizizi ya mimea midogo ya jamii ya kunde katika nyasi fupi, na Pyropteron muscaeforme kwenye mizizi ya Armeria katika miamba ya pwani.

Ndiyo maana nasikitika kidogo kwamba hukutaja uko wapi. Umetaja mpopla, na hilo limenisaidia kuliko picha. Kama ni Ulaya, mdudu mkubwa kiasi cha mavu aliyetulia chini ya shina la mpopla asubuhi ni Sesia apiformis, karibu bila ubishi. Viwavi wake hula chini ya gome kwenye kitako cha mti na mizizi ya juu, na nondo wapya hutoka asubuhi, katikati ya kiangazi, kisha hukaa hapohapo mabawa yakikauka. Ndiyo sababu hakushtuka. Wa kuchanganywa naye ni yule Sesia bembeciformis wa mierebi. Tazama kichwa na mabega: apiformis ana kichwa cha njano na mabaka ya njano mabegani, bembeciformis ana kichwa cheusi na ukosi wa njano nyuma yake. Katika picha yako naona njano kichwani, lakini mwanga umekula mabega. Kama uko magharibi ya Amerika Kaskazini, hesabu inabadilika, kwa maana huko yupo Sesia tibiale kwenye mipopla ileile. Na popote penye mipopla ujue kuna jenasi Paranthrene, ambao bawa lao la mbele limejaa vigamba vya kahawia na si angavu. Wako ana mabawa angavu yote manne, kwa hiyo huyo tumemwacha.

Baada ya mmea na eneo ndipo uje kwenye alama. Kuhesabu mistari ya tumbo ndiko kunakotajwa kila mahali, na ndiko kunakopotosha kila mtu, kwa sababu dume na jike hawalingani. Synanthedon tipuliformis dume huwa na mistari minne ya njano, jike mitatu. Kwa hiyo usiandike "mistari mitatu" tu. Andika iko kwenye pingili zipi, na mkia una umbo gani. Synanthedon exitiosa wa mipichi ya Marekani ni mbaya zaidi: dume ana mabawa angavu na mistari myembamba ya njano, jike ana mabawa ya mbele yaliyofunikwa kwa rangi ya chuma na mkanda mmoja mpana wa rangi ya chungwa. Usipoambiwa, utaapa ni spishi mbili.

Rangi ya mkanda ina maana pale ilipo nyekundu. Culiciformis na myopaeformis wote wana mkanda mmoja mwekundu, lakini culiciformis ana vigamba vyekundu pia kwenye kitako cha bawa la mbele, na mwenzake hana. Formicaeformis ana wekundu kwenye ncha za mabawa ya mbele, alama ambayo huonekana hata akiwa anatembea kwenye jani. Vespiformis ana miguu ya njano inayokuvutia kabla hujaona kitu kingine. Tahadhari moja: nondo aliyeruka siku kadhaa amechakaa, vigamba vimetoka, mkanda mwekundu umepauka na mistari myembamba imefutika. Kwa nondo kama huyo rudi kwenye mambo yasiyochakaa haraka, yaani ule mstari wa katikati ya bawa, upana wa fremu ya ncha, na mpangilio wa sehemu angavu.

Kuwapata. Ukitegemea bahati utasubiri sana, kwa hiyo njia iliyobadilisha mambo ni chambo cha feromoni. Jike akiwa tayari hutulia na kutoa harufu, na dume huifuata dhidi ya upepo. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walitangaza kemikali hiyo kwa nondo wawili wa mipichi, Synanthedon exitiosa na Synanthedon pictipes. Ilikuwa molekuli ileile moja, yenye mnyororo wa kaboni 18, ila mkao wa kiungo kimoja maradufu ulitofautiana kati ya spishi hizo. Mkao huo mdogo ndio unaowazuia wasichanganyike. Tangu hapo michanganyiko mingi imetengenezwa, na inauzwa kwa herufi tatu za mwanzo za jina la spishi: API, VES, TIP, na kadhalika.

Usidhani herufi hizo ni utambulisho. Kemikali za familia hii ni chache na zinashirikiwa, hivyo chambo cha spishi moja huweza kuleta dume wa nyingine kadhaa. Aliyekuja kwenye VES si lazima awe vespiformis. Chambo kinakuletea mdudu. Jina utalitafuta mwenyewe kwa macho.

Kitundike kwenye kivuli chepesi karibu na mmea unaohusika, kimo cha kifua hivi, mahali ambapo upepo mwanana utabeba harufu kuelekea kwenye mimea mingine. Siku iwe ya jua na joto. Kila spishi ina saa zake. Nyingine huja kabla ya adhuhuri, nyingine alasiri, na nje ya saa hizo chambo kilekile hakina kazi. Wakiwepo, mara nyingi huja ndani ya dakika chache. Ikipita nusu saa bila kitu, sogea, au jaribu saa nyingine siku nyingine. Na andika kwamba hukupata kitu, pamoja na saa na hali ya hewa. Rekodi ya kukosa nayo ni rekodi.

Chambo usikishike kwa mkono mtupu. Harufu itakaa kwenye vidole, kwenye mfuko, kwenye wavu, halafu siku ya pili utashangaa dume wa spishi nyingine wanazunguka shati lako. Tumia koleo ndogo, kila chambo na chupa yake inayofungwa, na vyote vikae kwenye friza. Jambo jingine, ambalo nalisisitiza kuliko wauzaji wanavyolisisitiza: dume anayekuja kwenye chambo amepoteza muda katika maisha ya siku chache. Ukishamwona, shusha chambo. Ukitumia mtego, usiondoke na kuuacha juani. Ikiwa unajua tayari kwamba spishi ipo mahali hapo, sioni sababu ya kuwaita kila siku ili tu upate picha nzuri zaidi ya jana.

Binafsi napenda zaidi njia ya zamani, isiyohitaji kununua kitu: kusoma mti. Kiwavi anayekula ndani hutoa unga wa mbao uliochanganyika na kinyesi, na huo hujikusanya kwenye nyufa za gome. Akikaribia kutoka, pupa (hatua ya kati ya kiwavi na nondo), ambayo ina safu za miiba midogo mgongoni, hujisukuma mpaka nusu yake itokeze nje. Nondo hutoka na ganda tupu hubaki limening'inia kwenye tundu. Ganda hilo ni ushahidi ambao tundu peke yake haliwezi kuutoa, maana mbawakawa nao hutoboa miti. Tundu la apiformis ni la mviringo, upana wa milimita nane hivi, chini kabisa ya shina. Mbawakawa wengi wenye vipapasio virefu huacha tundu la umbo la yai. Tafuta maganda asubuhi, kabla upepo na mvua havijayaangusha, na ukikosa juu tazama kwenye nyasi chini ya shina. Ukipata moja, ujue wengine watatoka siku zinazofuata kwenye mti huohuo.

Kwa wale wanaoishi ndani ya vijiti, majira ya baridi ndiyo bora, kwa kuwa majani yamepukutika. Synanthedon flaviventris huacha uvimbe kwenye vijiti vyembamba vya mwerebi, na huo huonekana kirahisi majani yakiwa hayapo.

Ukimpata nondo mwenyewe, usiridhike na picha ya juu. Nahitaji ubavu wa tumbo, uso kwa mbele, miguu ya nyuma, mkia, na bawa la mbele likiwa limetandazwa. Akiwa mwepesi wa kuruka, mweke kwenye kichupa safi kivulini kwa dakika chache atulie, mpige picha kupitia kioo, kisha mrudishe kwenye mmea wake. Mpige picha na huo mmea pia, majani yake na gome lake. Kama bado haafikiani na jina lolote, andika jenasi na uishie hapo. Spishi nyingine hutenganishwa kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini au kwa DNA tu, na jina la kubahatisha huvuruga rekodi za watu wote.

Kabla ya kwenda na chambo au wavu, ulizia sheria za mahali ulipo. Uingereza, kwa mfano, Pyropteron chrysidiforme, ambaye huko anajulikana hasa kwenye pwani ya Kent, analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, na kumkamata bila kibali ni kosa. Kwa spishi kama hiyo peleka rekodi kwa wasimamizi wa eneo husika, na usiweke hadharani mahali kamili ulipomwona.